Mgeni wa Kujitolea Ale Sikukuu na Nani?

Kila Desemba inapokaribia, vijana waliokuja Afrika kujitolea huulizana namna ya kula Krismasi mbali na kwao. Majibu huwa tayari: pamba chumba kwa ulichonacho, waalike wenzako wa vituo vya jirani, wanunulie watoto wa hapo peremende, piga simu nyumbani. Ni majibu ya nia njema, ila yote yanamzunguka mgeni. Upande wa pili hauulizwi. Mtaa ambao sikukuu inaukuta una mgeni wa namna hiyo umweke wapi? Ashike mwiko jikoni au akalishwe kwenye kiti cha heshima? Achangie nini, na amkabidhi nani? Ninachotetea hapa ni kwamba mtu wa kujitolea, awe ametoka Japani au ametoka Moshi, anapaswa kuila sikukuu kama jirani mmojawapo: akubali kupokea kabla ya kutoa, afanye kazi ya sikukuu bega kwa bega na wenyeji, na atakapotoa, apitishe mkono wake pale pale majirani wanapopitishia mikono yao. Nitaipima hoja hiyo Isevya, Tabora, na nitawaachia wanaoipinga waseme, maana wana maneno mazito.

Wa kwanza kunikatiza ni mwenyekiti wa mtaa. "Ndugu mwandishi, kabla hujafika mbali: Isevya si kijiji. Hii ni kata ya Manispaa ya Tabora. Wageni wanakuja wakitafuta kijiji walichosimuliwa, nasi hicho hatuna."

Amesema kweli, na kweli hiyo inabadili mjadala wote. Anayekuja Tabora akidhani amefika mahali pasipojua wageni amechelewa kwa zaidi ya miaka mia na hamsini. Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo ilikuwa ikigawanyika hapa, tawi moja likielekea Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika na jingine likipanda kaskazini kwenda Karagwe na Buganda. Wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke walipofika Kazeh, jina la zamani la hapa Tabora, tarehe 7 Novemba 1857 waliwakuta wafanyabiashara Waarabu wameshajenga na kukaa, na mmoja wao, Snay bin Amir, akawapokea na kuwa mwenyeji wao. Baadaye wakaja wamisionari, Wakatoliki na Wamoravian. Reli ya Kati ikafika mwaka 1912. Shule ya serikali ya wavulana iliyofunguliwa katika miaka ya 1920 ikaleta vijana kutoka pembe zote za Tanganyika, Julius Nyerere akiwa mmoja wao, na baadaye yeye mwenyewe akarudi kufundisha katika shule ya misheni ya Mtakatifu Maria. Mwaka 1972 maelfu ya Warundi waliokimbia mauaji walipewa ardhi Ulyankulu, mkoa huu huu. Watu wa kujitolea wa mashirika ya nje walianza kuingia Tanganyika mwaka wa uhuru, 1961, pale Peace Corps ya Marekani ilipoifanya kuwa miongoni mwa nchi zake za kwanza kabisa. Wajapani wakafuata katika miaka hiyo hiyo ya 1960. Katika foleni hiyo ndefu ya wageni, mtu wa kujitolea yuko nyuma sana. Na wale waliomtangulia hawakuingia ovyo. Msafara uliokatiza Ugogo ulilipa hongo, yaani ushuru wa kupita. Mpagazi wa Kinyamwezi aliyeteremka pwani alikuwa na watani njiani, watu wenye haki ya kumchukulia kitu chake na wajibu wa kumzika akifa kwao. Mfanyabiashara alihitaji mwenyeji wa kumjibia. Kila mlango wa kuingilia ulimdai mgeni kitu na ulimpa mtu wa kumuuliza. Mlango mmoja ambao watu wa njia hii hawakuuzoea ni ule wa mgeni anayeingia akiwa tayari ni mfadhili, asiyedaiwa na mtu, asiyeulizwa na mtu. Sikukuu ndiyo siku mlango huo unapofunguka wazi kuliko siku nyingine yoyote.

"Hayo nayakubali," anasema kijana wa kujitolea, "lakini mimi si mpagazi wala mfanyabiashara. Nimeacha kwetu kwa hiari yangu, miaka miwili. Katika mwaka mzima nataka siku moja nile chakula cha kwetu, niimbe nyimbo za kwetu, nikae na watu wa lugha yangu. Nimekosa nini?"

Hujakosa kitu. Upweke wa siku ya sikukuu ni mzito, na mtu anayeudharau hajawahi kulala mbali na mama yake usiku wa mkesha. Suala si hamu hiyo. Suala ni nani anabebeshwa mzigo wake. Njia hii ya misafara inao mfano wake, nao umeandikwa na mhusika mwenyewe. Mwaka 1871 mwandishi wa habari Stanley alimkuta mmisionari Livingstone Ujiji, na Krismasi ilipofika wakaamua waiadhimishe kama inavyoadhimishwa kwao. Soko la Ujiji likawapa kila kitu: kondoo wa mkia mnene, mbuzi, samaki, mayai, maziwa, ndizi, vitunguu, viazi vitamu. Stanley, aliyekuwa ndiyo kwanza anainuka kwenye homa, alimhutubia mpishi wao Ferajji juu ya umuhimu wa siku hiyo kwa wazungu. Nyama ikaharibika motoni, kastadi ikaungua, karamu ikashindikana. Na Stanley anaandika kwamba kilichomwokoa mpishi na kipigo ni yeye Stanley kukosa nguvu za kuinua mkono. Siku mbili baadaye waliondoka Ujiji kwa safari iliyowafikisha Kwihara, jirani na Tabora, Februari 1872. Tazama jinsi sikukuu ile ilivyopangwa. Chakula chote ni cha Ujiji, mikono yote ni ya Waafrika, mapishi ni ya Uingereza, na wa kulaumiwa ni mtu aliyetakiwa kukipatia chakula cha watu wengine. Tena ukihesabu kalenda, Idi ya kumaliza Ramadhani ya mwaka 1288 wa Hijria iliangukia katikati ya Desemba hiyo hiyo. Ujiji, mji wa Waswahili na Waarabu, ulikuwa na sikukuu yake na wapishi walioijua vizuri, nayo ilikuwa imepita kama siku kumi tu.

Leo hakuna anayempiga mpishi kwa sababu ya kastadi. Hata hivyo mpangilio ule unarudi kwa sura za upole: karamu ya wageni kumi waliokusanyika kutoka wilaya tatu, kina mama wa mtaa wakikodiwa kuosha vyombo, watoto wakichungulia kwenye ua. Kijana huyu namwachia jioni yake yote. Aoke keki yake kwa mikono yake, aimbe, alie kwenye simu akitaka, kisha apeleke sahani nyumba ya pili kama Waislamu wa mtaa huo wanavyopeleka pilau kwa Wakristo siku ya Idi, na Wakristo wakarudisha Krismasi. Asichokuwa na haki nacho ni kuugeuza mtaa mzima kuwa watumishi wa kiu yake ya nyumbani.

Mwenzake aliyekaa muda mrefu zaidi hakubali kuishia hapo. "Basi tusipikiwe, tutoe. Tuliwachangisha marafiki zetu huko kwetu, tukanunua nguo na madaftari, tukagawa uwanjani asubuhi ya Krismasi. Watoto walifurahi, nimewaona kwa macho yangu. Unataka nini, watoto wasifurahi?"

Furaha ya watoto hao siitilii shaka hata kidogo. Nauliza tu kama mtaa ulikuwa mtupu kabla ya mgao ule. Haukuwa mtupu. Waislamu wana zaka ya fitri: kabla ya swala ya Idi, mwenye nyumba humtolea kila mtu aliye chini yake, hata mtoto mchanga, pishi moja ya chakula kinacholiwa mahali hapo, kama kilo mbili na nusu za mchele au mahindi, ili siku hiyo pasiwe na mtu wa kuzunguka akiomba. Idi ya kuchinja ina nyama yake ya udhiya, inayogawiwa ndugu, majirani na maskini. Wakatoliki wana jumuiya ndogondogo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizifanya msingi wa kazi ya kichungaji katika miaka ya 1970: nyumba chache za jirani zinazosali kwa zamu, zinazojua nani anaumwa, nani amefiwa, mtoto wa nani hakwenda shule. Wamoravian nao wana vikundi vyao vya kina mama na vya vijana. Mifumo hii inamjua mtu kwa jina na kwa nyumba, na msaada wake unaingia mlango wa nyuma, bila jirani kuhesabu ni nani aliyepokea. Fitri ina jambo kubwa zaidi ambalo nadhani ndilo roho ya mjadala huu: inamlazimu kila aliye na ziada ya chakula cha siku ile na usiku wake. Mama mjane anaweza kupokea pishi mbili alfajiri, akatoa moja jua halijapanda. Hakuna anayebaki upande wa kupokea tu. Mgao wa uwanjani unafanya kinyume chake. Unaukata mtaa vipande viwili, wa kutoa na wa kunyoosha mkono, na mpaka huo unaendelea kuonekana Januari, Februari, na mwezi wowote kijana huyo atakapopita njiani.

Kuna nguo pia. Nguo ya sikukuu si kitambaa cha kumsitiri mtoto peke yake. Baba anayesukuma mkokoteni sokoni ameitolea shilingi mia tano mia tano tangu Septemba, akaichagua kwenye mtumba, akaificha juu ya kabati hadi usiku wa mkesha. Asubuhi mtoto anapotoka nje amevaa, baba ndiye anayeonekana. Sasa aje mtu asiyemjua, amvalishe mtoto huyo huyo gauni jipya mbele ya uwanja mzima na kupiga picha. Mtoto amepata gauni la pili. Baba amepoteza kitu ambacho hakuna shirika linaloweza kukirudisha kwa fedha. Nasema hivi kwa uchungu kwa sababu wanaofanya mgao huo mara nyingi ni watu wema, na wema wao ndio unaowafanya wasimwone yule baba aliyesimama nyuma ya umati.

"Mifumo hiyo unayoisifu inavuja," ananijibu yule mkongwe. "Kiongozi huanza na shangazi yake." Hutokea. Lakini kiongozi wa jumuiya anayempendelea shangazi yake huulizwa juma hilo hilo, kwa sauti, na watu wanaojua shangazi ana ng'ombe wangapi. Mgeni aliyeandika orodha yake kwa wiki tatu hukosea zaidi, na hakuna wa kumuuliza, kwa kuwa anayemuuliza anaonekana hana shukrani. Kama ana shaka na kiongozi mmoja, ampelekee mchango wake wa pili.

Halafu tuzungumze juu ya kalenda, jambo ambalo mgeni hulisahau na mwenyeji huona haya kulitaja. Tabora ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hivi hadi Aprili. Desemba ni mwezi wa jembe: mahindi yanapaliliwa, miche ya tumbaku inahamishwa kutoka vitaluni, na familia nyingi za mjini zina shamba nje ya mji linalowasubiri. Wapagazi wa zamani walijua hivyo. Wengi walishika njia baada ya mavuno na kujitahidi kuwa wamerudi mvua zikianza, walime. Tumbaku ya Urambo, Kaliua na Sikonge huuzwa katikati ya mwaka, kwa hiyo fedha ya mkulima iko mbali kabisa na Krismasi. Ghala linapungua, mfuko umekauka, na Januari inakuja na sare na michango ya shule, maana elimu bila ada iliyoanza 2016 haikuondoa gharama zote. Ngoma kubwa na harusi nyingi husubiri kiangazi, mavuno yakiwa ndani. Mgeni anayefika na picha ya Desemba kama kilele cha raha ya mwaka amefika na kalenda ya nchi ya baridi, ambako mashamba yamelala. Akitaka kuiona Tabora katika raha yake, akae hadi Julai. Akitaka kuwasaidia watu Desemba, awaulize kwanza kama wanahitaji karamu au wanahitaji mtu wa kushika jembe Jumamosi.

Hapo mama mwenye nyumba, aliyekuwa kimya muda wote, anaingia. "Baba mwandishi, nakusikiliza unamwambia mgeni apokee. Anayepokea anakula cha mtu. Kwangu Krismasi ni kuku mmoja na watu tisa. Akija mgeni wako, sitampa shingo. Nitampa paja, na nitakopa soda dukani, kwa sababu hivyo ndivyo nilivyolelewa. Wewe unaita huo ujirani. Mimi deni lake nitalilipa hadi Machi."

Huu ndio upinzani mkubwa kuliko wote, na sitajaribu kuuzunguka. Ukarimu wa Tabora hauna breki. Mwenyeji atajinyima na kutabasamu, na mgeni asiyejua atatoka akisifu jinsi maskini walivyo na furaha. Ikiwa kupokea ni hivyo, afadhali abaki chumbani kwake. Lakini wazee walishaliona hili, ndiyo maana wakasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe la sikukuu liko jikoni. Mtu wa kujitolea afike saa mbili asubuhi, siyo saa saba mchana sahani zikiwa mezani. Achambue mchele, amenye vitunguu saumu, atwange bizari, achote maji, apulize mkaa. Jioni akae aoshe masufuria. Siku tatu kabla awe amempelekea mama, peke yao, bila hotuba, kile ambacho jirani mwenye mshahara mdogo angepeleka: kilo mbili za mchele, sukari, mafuta ya kula. Asipeleke gunia. Gunia linamrudisha kwenye ufadhili, na mwaka ujao mama huyo atasubiri gunia. Apite nyumba nne tano akionja kidogo kila mahali, kama watu wazima wa mtaa wanavyofanya, badala ya kuketi nyumba moja na kuimaliza. Zipo nyumba ambazo hatakiwi kufika wakati wa kula kabisa. Huko aende jioni kusalimia, awape watoto mkono wa sikukuu wa kiasi kile kile wanachotoa wajomba zao. Muda wa kujifunza upo. Wengi wa Peace Corps na wa Japani hukaa takriban miaka miwili, yaani Krismasi mbili na Idi nne. Sikukuu ya kwanza wenyeji watamketisha tu, hata akikataa. Ya pili asikubali kuketishwa.

Mama anatikisa kichwa, hajaridhika sana. "Hata akimenya vitunguu, kuku bado ni mmoja." Ni kweli, na hakuna adabu ya mgeni itakayomfanya kuku awe wawili. Tofauti ya kipato kati yake na mgeni haifutiki kwa kumenya vitunguu. Ninachodai ni kidogo zaidi: kwamba siku hiyo tofauti hiyo isiwe ndiyo inayopanga nani akae, nani ainame.

Shehe wa mtaa na mchungaji, ambao katika mambo mengi hawasemi kwa sauti moja, hapa wanakubaliana. "Mwanangu," anasema shehe, "mimi siendi kanisani Krismasi, na sitaki kijana asiye na dini aje msikitini kwa sababu ameambiwa ni utamaduni." Mchungaji anaongeza kwamba Meza ya Bwana si maonyesho. Nawaunga mkono wote wawili. Majirani wa Tabora wamejifunza kuitenga ibada na sahani: swala ni ya wenye imani yake, chakula ni cha mtaa. Mwaka 2025 Ramadhani na Kwaresima zilianza zikipishana siku chache tu, na kila upande ulifunga kwa taratibu zake bila kuhitaji kuzichanganya. Wamoravian wana desturi iliyoanza Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1732, ya kuipokea alfajiri ya Pasaka makaburini, kati ya wafu wao. Mgeni anayealikwa kwenye ibada kama hiyo asimame nyuma, simu ikiwa mfukoni. Asiyealikwa asubiri chai. Wala asidhani amani hii ilidondoka kutoka mbinguni. Mwaka 2013 huko Buseresere, Geita, ugomvi wa nani ana haki ya kuchinja ulifika hadi mchungaji mmoja akauawa. Katika mitaa mingi yenye dini mchanganyiko, Mkristo anayepika kwa ajili ya wote humwita jirani Mwislamu amchinjie, na hakuna anayeona kwamba amepungukiwa. Kijana wa kujitolea anayenunua mbuzi ili awafurahishe majirani, akachinjiwa na mtu wa kwanza aliyejitokeza, anaweza kuwanyima nusu ya mtaa chakula hicho bila kujua. Aulize kabla ya kununua kamba. Kuuliza huko kunamfundisha zaidi ya mbuzi mwenyewe.

Mwisho anasimama mtu ambaye mjadala wa namna hii humsahau. "Mnaongea juu ya wazungu tu. Mimi ni mwalimu wa kujitolea. Nimemaliza chuo, ajira bado, nafundisha hisabati kwa posho inayotoka kwenye michango ya wazazi, mwezi mwingine haitoki. Kwetu ni Moshi. Desemba wenzangu wote wanapanda kwenda Kilimanjaro, mabasi yanajaa, mimi nauli sina. Shule imefungwa, mtaani hakuna anayejua kama nipo. Mimi nani alinialika?"

Hakuna aliyemwalika, na hapa hoja yangu inawageukia wenyeji. Watu kama yeye ni wengi kuliko wageni wa nje: walimu, wauguzi wanaosubiri ajira, vijana wa JKT wa kujitolea kama wale wa kambi ya Msange, watu wa Msalaba Mwekundu. Hawana ngozi ya kuwafanya waonekane, hawana shirika la kuwapigia simu siku ya mkesha. Mgeni kutoka Ulaya hupata mialiko sita na hajui aende wapi. Mwalimu wa hisabati anapika ugali wake na dagaa peke yake, mita mia mbili kutoka nyumba za wanafunzi wake. Ikiwa wageni wa njia hii walidaiwa kuwa na mtu wa kuwajibia, basi mji nao ulidaiwa kumtoa mtu huyo, na deni hilo halikufutwa misafara ilipokoma. Mama mwenye kuku mmoja hawezi kubeba kila mtu. Ila balozi wa nyumba kumi anajua nyumba zake, mwenyekiti anajua wapangaji, shule inajua walimu wake wanalala wapi, jumuiya na msikiti vinajua kupanga zamu. Kumwalika mwalimu hakuhitaji paja la kuku. Yeye hatakopewa soda, kwa sababu hakuna anayemwonea haya. Atakula shingo na wengine, atatumwa dukani, atasumbuliwa na watoto wamfanyie hesabu za ubao. Nafasi hiyo ya kutumwa dukani ndiyo ninayomtakia mgeni wa kigeni tangu mwanzo wa mjadala huu.

Mwenyekiti anasema Idi inayokuja ataipeleka habari hii kwenye kikao cha mtaa, na anataka kujua ni nani atakayeandika majina. Mwalimu anajibu kwamba kuandika anajua. "Mwanangu, wewe usijiandike," anasema mama. "Niambie tu unakaa nyumba gani."